Kitunda Kisicho na Kazi

Yaliyompata jirani yetu wa nyumba ya tatu hayakuanza kwa kishindo. Yalianza asubuhi ya Jumanne, mezani, chai ikiwa bado inafuka, mdogo wake akimtania kama ilivyo ada.

"Dada, siku ukifa utamwomba mchimba kaburi apime upya."

"Na wewe siku ukinyamaza tutaita daktari," alijibu dada mtu, akatwaa mkoba wake na kuondoka.

Mdogo mtu walimwita Chiriku kwa wingi wa maneno yake. Dada mtu, huko kazini, walimwita Bi Hakiki, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kazi yake ilikuwa kupima programu za kompyuta zinazocheza sataranji. Alizipa mafumbo mazito, yale ambayo mfalme hunaswa baada ya hatua nyingi mno, kisha akatazama ipi itaiona njia mpaka mwisho na ipi itapotea. Watunzi wengi wa mafumbo hayo hutosheka na hatua kumi, ishirini. Marehemu mjomba wake, mtu asiyejisamehe kosa, alimwachia daftari lenye fumbo moja tu: hatua mia moja na ishirini na sita, kete kumi na mbili ubaoni. Chini ya mchoro aliandika kwa wino maneno matatu: *Asipunguzwe hata mmoja.*

Programu tatu zilipotea njiani. Ya nne ilihangaika tangu Ijumaa, na Jumanne hiyo, kabla ya saa tano, ikatoa jibu. Mfalme mweusi ananaswa. Hatua 126.

Fundi aliyeiunda programu hiyo aliegemeza kiti chake nyuma na kucheka peke yake. "Bi Hakiki, tia sahihi basi, tukale."

"Bado."

"Nilijua. Wewe hata pumzi huvuta mara mbili, ya pili ya kuhakiki ya kwanza."

Kwa watu wa ufundi huu, fumbo halijawa fumbo mpaka kila kete ithibitishwe kuwa ina kazi. Kete hutolewa ubaoni, programu ikaulizwa upya. Mfalme akinaswa vilevile, kete ile ilikuwa mzigo, nayo ni aibu kwa mtunzi. Jicho la Bi Hakiki lilikuwa limekwisha kutua kwenye kitunda kimoja cheupe, ile kete ndogo iendayo mbele tu, isiyojua kurudi nyuma. Kilisimama ukingoni, mbali na vita vyote.

Akakitoa. Programu, ambayo sasa iliijua njia, haikukawia. Hatua 126.

Akaona fahari kidogo, Mungu amsamehe, kumkamata mjomba kwenye kosa. Akahifadhi mchoro mpya wa kete kumi na moja, akaenda nyumbani kula.

Mama alikuwa amepakua sahani mbili.

"Chiriku hali leo?"

"Chiriku gani?" Mama aliuliza bila kuinua uso.

"Mama, usinitanie. Mdogo wangu."

Mama akaweka mwiko chini. Akamtazama kwa huruma, kama atazamwavyo mgonjwa. "Mwanangu, mimi nilizaa mara moja."

Bi Hakiki akaenda chumbani kwa Chiriku. Mlango ulikuwa mzito kufunguka. Ndani mlikuwa na magunia, viti vibovu, neti kuukuu. Akapitisha kidole juu ya kiti. Vumbi lilikuwa la miaka.

Alirudi kazini mbio, kiatu kimoja mkononi. Akafunua daftari la mjomba. Kete kumi na moja. Pale ukingoni karatasi ilikuwa safi, haijafutwa, haijakwaruzwa.

"Kilikuwepo kitunda hapa," alisema.

"Hapo?" Fundi alikuna kichwa. "Mimi nimeona kumi na moja tangu Ijumaa."

Lakini Bi Hakiki hakuwa mtu wa kusahau mraba. Akakirudisha kitunda mahali pake kwenye kioo cha kompyuta. Akahifadhi. Akapiga simu nyumbani.

Simu iliita mara nne. Ikapokewa.

"Dada."

Bi Hakiki alikaa chini, sakafuni.

"Uko wapi, mdogo wangu?"

"Chumbani kwangu." Chiriku alinong'ona, yeye ambaye tangu azaliwe hakujua kunong'ona. "Dada, nilikuwa nimesimama pembeni. Watu wote wamenipa mgongo. Nikataka kurudi nyuma. Nyuma hapakuwepo."

"Yamekwisha. Nakuja."

Nyuma yake fundi akaguna. Alikuwa amekwisha kuiuliza programu upya, kama ipasavyo kila mchoro unapobadilika.

"Ajabu. Zile zile mia moja na ishirini na sita, ila imepata njia nyingine. Inaanza na hicho kitunda chako."

"Usiguse."

"Nimesogeza hatua ya kwanza tu. Kuhakiki." Akasoma orodha ya hatua, kidole kikishuka polepole. "Lo. Hatua ya saba kinaliwa na kete nyeusi."

Kwenye simu, Chiriku alivuta pumzi.

"Dada, nimesogea. Sikutaka."

"Kirudishe!" Bi Hakiki alimwambia fundi.

Fundi alibonyeza. Akabonyeza tena. "Inakataa," alisema.

Bi Hakiki alichomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Siku hiyohiyo fundi aliufuta mchoro, akaifuta na programu yake mwenyewe, kazi ya miaka miwili, bila kuulizwa. Daftari lilichomwa moto uani, mama akitazama asielewe.

Chiriku yupo. Anakula, anajibu akiulizwa. Hatanii. Siku ile dada yake alimkuta amesimama katikati ya chumba, uso umeuelekea mlango, na pale aliposimama, kwenye sakafu ya saruji iliyomwagwa kabla yeye hajazaliwa, palikuwa na alama ya unyayo wake, imezama kama kwenye udongo mbichi. Tangu hapo hapiti nyuma ya alama hiyo. Kitanda kilisogezwa mbele yake. Walifunika alama kwa mkeka, wakaacha kuizungumzia.

Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, jua likiwa limejaa chumbani, Bi Hakiki aliinua mkeka ili afagie.

Nyayo za Chiriku sasa zilikuwa mbili, wa pili mbele ya ule wa kwanza.

Mbele ya ule wa pili, umbali wa hatua moja, palikuwa na unyayo wa tatu. Si wake. Ulikuwa mpana, vidole vimetawanyika, nao ulielekea kwake.