Njano Iliyobaki

"Zima njano."

Ujumbe uliingia kwenye Samsung ya Antipasi akiwa juu ya pikipiki yake ya Boxer, anaingia Singida mjini kutokea Mwankoko. Hakusimama. Alibonyeza kidude kilichofichwa ndani ya kofia ngumu, akapiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna studio ya binti anaitwa Jesca, nyuma ya soko. Anapiga picha za harusi, anazigeuza nyeusi na nyeupe, halafu anaacha rangi moja tu. Rangi hiyo ni ishara ya watorosha dhahabu. Nyekundu, mzigo uko tayari. Njano, barabara haina askari."

"Ni wepi hao, mzee?"

"Wale wale waliomnunua Enock."

Antipasi aliuma meno.

"Chukua kompyuta na kadi ya kamera, teketeza. Usipoteze muda kuangalia picha."

"Na binti?"

"Akileta ubishi, kazi yako unaijua."

Simu ikakatika.

Mzee Leonidas ndiye aliyekuwa mkuu wa Kitengo, kikosi cha siri cha kuwasaka watorosha dhahabu. Ndiye aliyemfundisha Antipasi kushika bastola, yeye na Enock, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mwezi uliopita Enock aliokotwa kwenye shamba la alizeti Mwankoko, ana risasi kifuani. Mzee akatangaza kwamba Enock alikuwa ameuza siri, na waliomnunua wakamgeuka. Akakataza mtu yeyote wa Kitengo kukanyaga msibani.

Antipasi hakukanyaga. Na kusema kweli, hata ruhusa hakuomba.

Aliusukuma mlango wa studio kwa bega, Glock mkononi.

"Mikono juu ya meza!"

Jesca aliinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Jamani! Kaka, kama ni yule bibi harusi amekutuma, mwambie picha yake naitengeneza sasa hivi. Bastola ya nini tena?"

"Picha gani?"

"Si hii! Amenitangaza Instagram kwamba nimemharibia harusi. Njoo uone mwenyewe."

Amri ilisema asiangalie. Akaangalia.

Bibi harusi alisimama katikati ya shamba la alizeti. Gauni, majani, udongo, mbingu, vyote vilikuwa vya kijivu. Maua tu ndiyo yaliyowaka njano. Na kule pembeni, mbali, katikati ya mashina, kulikuwa na kibati kidogo cha njano.

"Hicho ndicho anachonitukania," Jesca alisema. "Kosa ni langu. Badala ya kuchagua ua moja moja, nilifanya uvivu, nikaiambia kompyuta ibakize njano yote. Ikabakiza na namba ya gari la watu. Kule Instagram haisomeki. Hapa kwenye picha ya asili ukikuza, inasomeka."

Antipasi alikuza.

Alisoma namba ile, akairudia. Ilikuwa ya Prado aliyoiendesha yeye mwenyewe kwa miaka, kila Jumapili, akimpeleka Mzee Leonidas kanisani.

"Ulipiga lini?"

"Siku ile waliyookota maiti Mwankoko. Sisi tuliondoka asubuhi, habari tukazisikia jioni."

Siku hiyo mzee alisema yuko Dodoma.

"Rudisha rangi zote."

Jesca alibonyeza. Majani yakawa kijani, udongo ukawa mwekundu. Kando ya Prado mtu alikuwa amepiga magoti, mikono nyuma, shati la bluu. Mbele yake alisimama mzee mwenye kofia, mkono ameunyoosha.

"Mungu wangu," Jesca alinong'ona. "Wiki nzima naitazama picha hii. Nilidhani ni kisiki."

Wiki moja kabla ya kufa, Enock alimuuliza Antipasi kwa nini mashudu ya kiwanda cha mzee, makapi ya alizeti ya kulishia ng'ombe, yanasindikizwa na bunduki. Antipasi alimcheka. Alimwambia aache kumwonea wivu mzee.

Aliweka Glock mezani, akaituma picha Dodoma, kwa Dorkas, mkaguzi wa Kitengo. Kisha akapiga.

"Umeipata?"

"Nimeipata. Ukikuza, uso wa Leonidas unaonekana wazi."

"Lori lake la mashudu limetoka asubuhi. Lizuie Manyoni. Pasua magunia yote."

"Sawa. Wewe toka hapo haraka."

Alikuwa amechelewa.

Mlango ulifunguliwa taratibu. Mzee Leonidas aliingia na Browning yenye kiwambo cha kuzuia sauti.

"Nilikwambia usiangalie, mwanangu. Nimeona umekawia kutoka. Sogea mbali na hiyo bastola. Lete kadi."

Antipasi alirudi nyuma hatua moja. Aliichomoa kadi kwenye kamera, akainyoosha juu ili mzee aifuate kwa macho. Jesca alikuwa ameganda kando ya taa kubwa ya studio, kidole karibu na swichi.

"Dada," Antipasi alisema kwa upole, "mpige picha mzee."

Taa ya Godox ililipuka kwa mwanga mweupe. Mzee alifumba macho, risasi ikatoboa dari. Antipasi alimrukia. Kifundo cha mkono kikalia, Browning ikaanguka, na mzee akalala kifudifudi sakafuni.

"Nilikulea," mzee alihema.

"Na Enock ulimlea."

Pingu zikalia. Baada ya saa nzima, simu ikaita.

"Manyoni wamepasua magunia," Dorkas alisema. "Dhahabu imo katikati ya mashudu. Lori na watu wake tunao. Kazi nzuri."

Antipasi alikata simu.

Kesho yake alipanda hadi Kilimatinde, nyumbani kwa Enock, na picha mbili ndani ya koti. Marietha, mjane wa Enock, alikuwa uani anapepeta mtama. Hakusimama.

"Shemeji, nimekuja..."

"Usiniite shemeji."

Akamweleza akiwa wima, maana kiti hakupewa. Enock hakuuza siri. Jina lake litasafishwa. Kisha akampa picha ile ya kijivu yenye maua ya njano, ile ya pili ikichungulia kwenye koti.

Marietha aliitazama kwa muda mrefu. Kidole chake kilitua penye kisiki.

"Ni yeye huyu?"

"Ni yeye."

"Na hiyo nyingine unaificha ya nini?"

"Hiyo ina rangi zote, Marietha. Sikutaka uione."

Mwanamke aliweka ungo chini.

"Wenzako walimshusha hapo mlangoni wakaondoka. Majirani waliogopa hata kuingia. Nilimwosha peke yangu, Antipasi. Shati lile nililivua kwa mikono hii. Ni rangi gani ambayo sijaiona?"

Aliitoa picha ya pili, akaiweka juu ya mkeka kando ya mtama, kwa mikono miwili.

Alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akaelekea kwenye Boxer bila haraka, mgongo umenyooka, kama alivyofundishwa. Aliwasha pikipiki, akasubiri kidogo.

Hakuna aliyemwambia karibu tena.