Jiko la Mama Katarina

Soko la Lindi lilikuwa limefurika Jumamosi ile ya mwaka 1954. Bonaventura alikuwa anataka kulipia kolekole, sauti ikamzuia.

"Huyo mwache, kaka. Macho yameshaingia ndani."

Akageuka. Binti wa Kimwera, gauni la maua limenyooka kwa pasi.

"Kumbe wewe mkaguzi wa samaki?"

"Mimi Tekla. Nimemaliza maarifa ya nyumbani, misheni."

Bonaventura akampenda papo hapo, samaki akasahaulika. Naye alikuwa mhudumu katika hoteli ya Mama Katarina, mjane wa Kigiriki aliyetafuta msimamizi wa jiko. Akamwombea Tekla nafasi. Akaambiwa binti aje Jumatatu kujaribiwa. Waajiri watatu walishamkataa Tekla, na baba yake alishasema: akikosa na hii, Jumanne apande lori arudi kwao Rondo.

Jumatatu alfajiri Bonaventura akakuta jikoni masufuria machafu, unga wazi, maziwa kando ya mafuta ya taa. Masikini, akadhani ni uzembe wa mpishi. Akasugua, akafunika, akapanga, huku anaimba.

Tekla akapika vizuri. Mama Katarina akaonja mezani, akatikisa kichwa.

"Cheti nimekiona, na kupika wengi wanajua. Mimi nataka mtu anayeona kasoro bila kuonyeshwa. Kwa makusudi niliacha jiko ovyo, wewe hukusema hata neno."

"Mama, mbona nimelikuta safi?"

Mama Katarina hakumsadiki, wala hakwenda kutazama. Mlangoni Bonaventura akanong'ona, "Nilikusafishia mimi, mpenzi."

"Nani alikutuma? Ulidhani sijui kusugua sufuria?" Tekla akaondoka analia.

Bonaventura aliumia sana. Lakini alirudi ndani akaungama yote, akijua kibarua chake kinaweza kuota nyasi. Mama Katarina akaenda kuchungulia jikoni, akarudi.

"Kesho mlete. Wewe utabaki nje."

Jumanne Bonaventura akamkuta Tekla ameshapanda lori.

"Shuka, kipenzi. Nimemwambia ukweli."

"Umefukuzwa?"

"Bado."

Tekla akacheka bila kutaka, akashuka na sanduku lake.

Alipoingia jikoni, kulikovurugwa tena kwa makusudi, hata kiti hakukitazama. Aliondoa maziwa kwenye mafuta ya taa, akafunika unga, akauliza maji ya moto yako wapi. Kufika adhuhuri alikuwa ameshapewa kazi.

Bonaventura alikuwa bado amesimama uani, jua la utosi.

"Tekla, nataka kukuoa."

"Posa ipeleke Rondo kwa baba. Lakini jikoni kwangu unaingia nikikuita tu."

"Nimekubali."

Tekla akafunga mlango. Baada ya kitambo dirisha likafunguka.

"Bona! Njoo, kuna masufuria."