Mke wa Waziri wa Mpito

— Uliapishwa ukiwa na mwanamke gani, Athanase?

Edah alikuwa amesimama sebuleni kwake Northfield, Birmingham, bado na yunifomu ya kazi ya kulea wazee, simu sikioni. DVD ya kuapishwa aliyoletewa na Jeanne wa kanisani ameisimamisha kwenye runinga: mchumba wake ndani ya suti aliyomnunulia yeye, na kando yake binti mmoja ameshika mkuki wa mfalme.

— Chérie, mpenzi wangu, ni desturi ya kwetu. Waziri haapi bila mke wa kumshikia mkuki.

— Na mimi ni nani?

— Pasipoti yako ilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, Home Office. Ikulu walinipa siku mbili tu!

— Si ungekataa hiyo kazi?

Angekataa wapi! Uwaziri wenyewe wa mpito, miezi minne, ndio uliomfanya mtu auze uchumba wa miaka mitano. Sasa mfalme ameivunja serikali, mawaziri wake wanakamatwa mmoja mmoja, na mheshimiwa kajificha kwa shangazi yake akisubiri barua ya mwaliko ya Edah apate viza.

— Edah, nakusihi, barua kwanza. Wakinipata nimekwisha.

— Huyo msichana anaitwa nani?

— Francine.

— Ulikuwa unalala naye?

— Barua, Edah, nakusihi.

— Athanase!

— Ana mimba.

Edah akakaa chini kwenye zulia. Alimchukia. Na bado alimpenda, ndiyo shida.

— Barua nitaandika. Lakini ukifika Birmingham, kwangu usikanyage.

— Asante, mpenzi. Faksi leo, tafadhali.

— Nimesikia.

Barua aliiandika jioni ile ile, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Wacha na yeye akae na hofu siku moja, alijiambia. Mimi nimekaa nayo miezi minne.

Akaifaksi kesho yake mchana, baada ya kazi. Hajafika kituo cha basi, ujumbe ukaingia kwenye simu:

"Dada Edah, ni Francine. Wamemchukua asubuhi hii. Alikuwa anasubiri barua yako. Niombee."

Alisimama pale pale, mabasi matatu yakapita.

Jumapili mchungaji akawaomba waumini wamkumbuke mke wa waziri aliyekamatwa, mjamzito, peke yake. Akamtaja Francine kwa jina. Jeanne akageuka kumtazama Edah.

Edah akafumba macho, akasema amina pamoja na wengine.