Terry Yupo

Seline alikuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, akitoa mawe na makombe, jirani yake Nabututu alipoingia uani bila hodi, viatu mkononi.

"Mama Terry, usiandike kitu kwenye grupu leo."

"Kwa nini?"

"Terry amejibu."

Seline hakuinua uso. Enzi zake, kundi lile la WhatsApp lilikuwa na wanawake themanini, wanunuzi wa omena wa ufuo wa Usenge. Kila saa kumi na mbili jioni Seline aliita majina, kila mmoja akaandika "Nipo", ijulikane hakuna aliyebaki ziwani wala njiani. Kisha matani: waume walevi, mapishi, Ajwang akituma nyimbo za mazishi huku akikaanga mandazi. Aliyeishiwa na chaji, mwenzake alimjibia, "Fulani yupo." Ndivyo ilivyoanza. Boti ilipozama na binti yake Terry, Seline aliandika, "Terry yupo." Akaandika kesho yake, na kila jioni, miaka miwili. Wenzake walimhurumia, wakachoka, wakatoka mmoja mmoja bila kuaga. Akabaki Nabututu.

"Kuna mtu amepewa laini yake," Seline alisema.

"Basi sikiliza."

Nabututu akabonyeza ujumbe kwenye simu. Sauti ilikuwa ya Terry, nyuma yake maji yakigonga mbao. "Nipo, Mama. Nimefika mlangoni. Amolo mbona hajajibu?"

Uani kukajaa harufu ya matope na nyavu mbichi, ingawa omena ilikuwa kavu kabisa, na kabla Seline hajaweka ungo chini, Amolo, kitinda mimba wake wa miaka sita, ambaye hakujua hata kufungua simu, akaitikia kutoka ndani, "Nipo!", na mama yake alipomfikia alimkuta amesimama mbele ya mlango wa nyuma, nywele zikidondosha maji, huku komeo likisogea polepole bila mkono wa mtu.

"Ni Terry, Mama. Anasema twende."

"Huyo si Terry," Nabututu alinong'ona. "Umeita miaka miwili, jini la ziwa limeitikia. Wewe ndiye uliliita, wewe ndiye wa kulirudisha. Andika ukweli, kisha ufute grupu."

"Sauti zake zote ziko humo. Sina mahali pengine."

"Mtoto wako yuko hapa."

Seline alimkamata Amolo kwa mkono mmoja. Kwa mwingine akaandika: Terry hayupo. Humo mlikuwa na Terry akicheka, Terry akiuliza bei ya mafuta, Terry akisema yuko njiani. Akafuta.

Komeo likatulia. Nje kukasikika, "Mama?" Mara moja tu, kwa upole, kama mtoto aliyefungiwa. Nabututu akamziba Seline mdomo kwa kiganja, asije akaitika. Nyayo zenye maji zikaondoka taratibu.

Walter, mumewe, aliporudi kutoka kazini, Seline akapakua ugali na omena.

"Baba Terry?"

"Nipo."

"Amolo?"

"Nipo, Mama."

"Nabututu?"

"Nipo," alisema Nabututu, ambaye aliogopa kwenda kwake peke yake.

Watu wanne. Sahani ya Terry, ambayo kwa miaka miwili hakukosa kuipakulia, Seline aliifuta kwa leso, akairudisha kabatini.

"Wote wapo," alisema.

Walter akatazama palipokaa sahani ya Terry kila jioni, akalirudisha tonge lake sahanini.