Kifuko cha Kijani Ghalani

Kila asubuhi kabla ya shule, Pei-chen alimsaidia bibi yake kuanika tambi za mchele kwenye chanja za mianzi, uwanjani kwao, ili upepo wa mji wa Hsinchu, Taiwan, uzikaushe. Asubuhi hiyo Bibi aliimba. Mkuu wa kiwanda cha chipu za kompyuta alikuwa ametangaza kwenye televisheni kwamba mwaka ujao mauzo yangekuwa maradufu, na Bibi alitaka kuuza uwanja ule anunue hisa za kiwanda.

"Tambi tutaanika wapi?" Pei-chen aliuliza.

"Kichwani kwako," Bibi alimjibu akicheka.

Baada ya shule, Pei-chen alifuatana na baba yake, Tsung-han, msimamizi wa mauzo katika kiwanda hicho, hadi kwenye ghala la mteja mkubwa wa chipu. Makasha ya chipu yalikuwa yamefika darini. Juu ya moja lililokuwa chini karibu na mlango aliona kifuko cha kijani cha vitafunio vya mahindi, chenye jua alilolichora mwenyewe. Watu wa viwandani huko huweka vifuko kama hivyo juu ya mitambo na mizigo ili kazi iende vizuri, na hawaviachi viharibike. Hiki alikiweka mwaka uliopita, siku ambayo Baba alisherehekea kuwa makasha hayo yameuzwa.

Alikiinua. Kumbe panya walikuwa wamekitoboa. Mabuu yakamwagika kiganjani mwake, na uvundo ukampanda puani. Alikitupa, akajifuta mkono kwenye sketi mpaka ngozi ikauma.

Wakati wa chakula Bibi alisali, akamshukuru Mungu kwa habari njema za kiwanda. Pei-chen aliweka vijiti vyake chini.

"Baba, yale makasha hayajafunguliwa," alisema. "Kifuko changu bado kipo juu, kina mabuu. Waliyanunua kweli?"

Baba aliinamia bakuli lake. Alieleza polepole kwamba mwenye ghala hakulipa chochote. Aliombwa tu ayahifadhi, na anaweza kuyarudisha, lakini kiwandani huhesabiwa kuwa yameuzwa. Ahadi ya mkuu ya mauzo maradufu ilijengwa juu ya makasha kama hayo.

"Na ulikuwa unaniangalia tu niuze uwanja?" Bibi aliuliza.

"Niliogopa kufukuzwa kazi, Mama."

Bibi alisukuma bakuli kando. "Unanitia kichefuchefu, Tsung-han. Na ile sala yangu pia."

Kesho yake Baba aliwaeleza wakaguzi wa hesabu wa kiwanda kila kitu. Jioni alirudi akiwa ameondolewa kwenye mauzo, akaomba msamaha, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akala akashiba. Uwanja haukuuzwa.

"Tambi zikikosa mlaji hunirudia kutoka dukani zikiwa na ukungu," Bibi alimwambia Pei-chen walipokuwa wakianika. "Ndiyo maana sisemi nimeuza mpaka zimeliwa. Nikalisahau hilo kwa sababu ya mtu aliyevaa tai kwenye televisheni. Mjukuu wangu, anayekuahidi mengi ya kesho, muulize ya jana yako wapi. Na ukiona uozo useme, hata kama uko mezani kwetu."