Wimbo wa Esnath Kabla ya Matangazo

Jumamosi ile soko la Tukuyu lilikuwa matope matupu. Esnath wa Lupepo, kitenge cha zambarau na buti za mvua, alikuwa akipanga parachichi huku anaimba pambio kwa sauti ya chini. Mwanamume mwenye koti lililolowa mabegani akasimama mbele yake.

"Dada, haya yameiva?"

Esnath akaitambua sauti, akacheka. "Wewe ni Jairo wa redio. Kila jioni ugali wangu unaungua kwa ajili ya nyimbo zako za bluzi."

"Na wewe sauti hiyo umeificha wapi?"

"Kwaya ya Lupepo. Hujafika tu."

Akafika. Nyimbo za injili Jairo alizirithi kwa mama yake. Bluzi, alisema, ni sala ya mtu aliyebaki nje ya kanisa. Akamrekodi Esnath akiimba peke yake, na kwa miezi mitatu wakapigiana simu kila siku.

Redio ile ilikuwa na desturi yake: kabla ya matangazo ya vifo hupigwa wimbo wa marehemu, kama aliimba kwaya. Jumanne moja Jairo, moyo umejaa, akafunga kipindi chake kwa wimbo wa Esnath. Matangazo ya vifo yakafuata, na umeme ukakatika kabla jina la marehemu halijasomwa.

Esnath alirudi kutoka kuchuma chai, kapu mgongoni, akakuta ua umejaa watu, kuni na mikungu ya ndizi. Wanamlilia yeye. Mama yake amelala chini, sauti imemkauka.

Jairo alipopiga simu, alijibiwa mara moja tu. "Umemlaza mama yangu chini. Usinipigie tena."

Siku ya nne Jairo akapanda Lupepo kwa miguu, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe uliyemuua mwanangu?"

"Ndimi, mama. Nilisahau saa."

"Mtangazaji anasahau saa?" Esnath aliuliza kutoka jikoni.

"Ukiimba wewe, nasahau."

Kisha Esnath akatoka na kigoda, akakifuta kwa ncha ya kitenge, akakiweka karibu na mgeni bila kumtazama.

Mama aliitazama mikungu iliyoegemezwa ukutani. "Watu wamelia hapa bure. Nataka warudi wacheke. Mlete mshenga wako kabla ndizi hizi hazijaiva."

Jairo akainamisha kichwa, macho yamelowa.

"Na tangazo la harusi," Esnath akasema, "asome mwingine."