Gauni la Saa Kumi

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni hapa. Wewe mwenye kikohozi, kimeze. Habari hii haitaki kelele.

Palikuwa na fundi cherehani, mama yake yu mahututi. Bibi wa watu kilichomzuia kufa ni kitindamimba wake, aliyeondoka kwa ugomvi miaka sita nyuma, bila radhi. Sasa alitaka kumpa radhi hizo, mkono kwa mkono.

Jioni simu ikalia, mdogo mtu huyo kutoka ughaibuni.

"Dada, ndiyo tunapanda ndege. Kilomita elfu nane. Saa kumi angani."

"Saa kumi? Mama hana hata tatu!"

"Sasa nimwambie rubani akanyage mafuta?" Akacheka, kisha akaangua kilio.

Fundi akakwapua gauni la zamani la mdogo wake, huyo, mbio hadi kwa mganga wa mtaa wa nyuma. Mganga akalinusa.

"Likunje mikunjo kumi, kila saa na mkunjo wake, ushone. Safari itafupika. Lakini kunja tu, fundi. Usikate."

Akaketi kwenye cherehani. Tka-tka-tka... Wa kwanza. Wa tano. Wa kumi. Kwa ndani kitambaa kikazidi, kimejaa kama uvimbe. Na mkono wa fundi, jamani, umezoea kazi yake. Ukafuata mkasi.

Kacha!

Akashtuka. Akainama kuokota kipande...

Hakipo.

Mlango ukagongwa.

"Dada... nifungulie."

Sauti ni yake. Uso ni wake. Lakini aliingia na baridi ya mawinguni na harufu ya mafuta ya ndege. Hana begi. Upindo wa nguo yake umekatwa, nyuzi zinaning'inia. Hata saa moja ilikuwa haijapita.

"Wewe... ni nani?" fundi alinong'ona.

Kitu kile kikatabasamu.

"Ni yeye?" mama akaita chumbani. "Mlete!"

"Mama, subiri kidogo..."

"Nimesubiri miaka sita! Unataka nisubirie kaburini?"

Fundi akasogea pembeni. Miguu yenyewe ilisogea, aliapa baadaye.

Kikakaa kitandani. Mama akakishika mkono.

"Baridi hii, mwanangu! Haya, nimekusamehe. Radhi zangu zote, chukua."

"Nimepokea."

Mama akakata roho. Fundi alipoinua macho, palikuwa na shuka iliyobonyea tu.

Alfajiri simu ikalia.

"Dada, tumetua! Mwambie mama nakuja."

Mganga alipofuatwa alifungua mlango nusu. "Nilikwambia usikate." Akaufunga.

Cherehani ilibaki kwa fundi, naye hakuigusa tena. Nyumba akapewa mdogo mtu, na mpaka leo kila anachokishika kinaharibika.

Radhi anazo yule aliyetangulia kufika. Popote alipo, mambo yanamnyookea.